Hatua Sitini za Kinyumenyume

Mwanamume wa kwanza kunishika kiunoni alinishika kwa sababu ya kazi. Naapa. Na matatizo yangu yote yalianzia hapo.

Mpiga picha wa filamu anapotembea kinyumenyume na kamera begani hana macho kisogoni. Jicho moja liko kwenye kamera, jingine amelifumba, na mwigizaji anamjia mbele. Kwa hiyo lazima awepo mtu nyuma yake, amshike mkanda wa suruali na kumwongoza kwa sauti ya chini: kushoto kidogo, ngazi, simama. Mwaka wa kwanza mwalimu alitupanga wawili wawili, na mimi nikapangwa na kijana mrefu, mpole, mwenye viganja vipana, ambaye baada ya wiki mbili darasa zima lilikuwa linamwita Breki, kwa kuwa tangu anishike sikuwahi kugonga ukuta. Mimi wakaniita Kinyonga, kwa mwendo wangu.

Miaka miwili Breki alinishika mkanda, na hata siku moja mkono wake haukwenda mahali pasipo pa kazi. Mwenye mawazo mabaya nilikuwa mimi. Yeye alichelewa sana kusema, na aliposema alisema vibaya, akiwa ameinama anafunga nyaya sakafuni: "Kinyonga, nikikuongoza mpaka tuzeeke, utachoka?" Nilimjibu kwamba nitafikiria. Sikufikiria hata dakika moja.

Kisha ikaja ile video.

Tulikuwa kwenye korido ya chuo, tukifanya mazoezi ya miguu. Mazoezi ya miguu hufanywa bila kamera, maana kamera ya chuo ni moja na kila mtu anaitaka. Unanyanyua mikono mitupu usawa wa bega, unakunja magoti, unafumba jicho moja, jingine unalikaza mbele, unarudi nyuma polepole, vidole vya mguu vikitangulia kugusa sakafu na kisigino kikifuata, ili picha isirukeruke. Mwenzetu mmoja akaturekodi kwa simu, akairusha kwenye kundi la darasa ili watu wacheke. Jinsi ilivyotoka huko hadi ikamfikia shangazi yangu, Mungu peke yake anajua.

Shangazi ni karani wa mahakama. Ndiye aliyenilea tangu mama afariki, na nyumbani kwetu hakuna kesi inayopita bila yeye. Jumapili ile aliweka simu juu ya meza mbele ya baba na kurudi nyuma hatua moja, kama anavyofanya kazini akikabidhi kielelezo.

"Tazama mwenyewe, kaka. Mimi sisemi kitu."

Baba akatazama. Baba yangu ni seremala, mtu wa maneno machache, na penseli yake haitoki sikioni hata akiwa mezani. Alitazama mpaka mwisho, akairudisha mwanzo, akatazama tena. Kutoka upande wangu wa meza nilikuwa naiona juu chini: msichana amenyoosha mikono hewani, jicho moja limemtoka, jingine amelifumba, makalio nyuma, anarudi kinyumenyume kuelekea kifua cha mwanamume aliyemshika mkanda wa suruali, na mwanamume yule anamnong'oneza sikioni. Ningekuwa mimi shangazi, ningeita polisi.

"Ni mazoezi ya kamera," nikasema.

"Kamera iko wapi?" shangazi akauliza.

"Haipo, shangazi. Ndiyo mazoezi yenyewe."

"Umesikia, kaka? Mazoezi ya kamera yasiyo na kamera."

"Na anakunong'oneza nini?" baba akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyonitisha.

"Anasema 'ngazi', baba."

Shangazi akacheka kicheko kikavu. "Miaka kumi na tisa niko mahakamani. Sijawahi kuona mtu akiambiwa 'ngazi' akafumba jicho namna hiyo."

Baba akaigeuza simu kifudifudi. "Unampenda?"

Hapo ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, mzuri tu, uliopigwa msasa. Lakini baba alinitazama usoni, na mimi sijui kumdanganya mtu anayenitazama usoni. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukamjibu.

"Mtu hajaleta posa, ameshaleta mikono," shangazi akasema.

"Filamu yako ya chuo utaimaliza," baba akasema polepole. "Sikukusomesha uache njiani. Lakini huyo asikuguse tena. Na siku ya kupiga hiyo picha, nitakuja mwenyewe kuona."

Usiku ule sikulala. Jumatatu nilimkuta Breki kwenye ngazi za nyuma za chuo, amekaa na mikono imelegea magotini. Nikamweleza yote. Nilitegemea apandishe hasira, au acheke, au aseme twende tukaongee na mzee. Nilikuwa nimeyapanga hata majibu yangu.

Akasema, "Sawa."

"Sawa?"

"Mzee akishasema, nifanye nini?"

"Unifanyie hata ugomvi! Pinga! Sema neno moja nijue una damu mwilini!"

"Kinyonga..."

"Usiniite Kinyonga."

Alinyanyua macho. Yalikuwa mekundu na yamevimba, na mimi kwa hasira zangu nikajiambia kwamba hajalala kwa kucheza na simu. Nikamwacha pale, nikaenda kulia chooni kwa siri, bomba la maji limefunguliwa.

Siku tatu hatukusemezana. Nilifanya mazoezi na mwenzetu mwingine akinishika mkanda, binti mmoja mwenye nia njema na mikono ya woga. Nikagonga mlango mara mbili, nikateleza ngazini mara moja, na bega la kushoto likavimba. Filamu yetu ilikuwa ya dakika nne tu, lakini yote kwa mkupuo mmoja, bila kukata. Mtu anaondoka nyumbani kwake. Anaijia kamera kwenye korido, na kamera ndiyo mke wake, inarudi nyuma ikimzuia. Wanashuka ngazi tatu, wanavuka ukumbi, na mlangoni kamera inakata tamaa, inampisha, inageuka kumtazama akitoka mpaka barabarani. Hatua sitini za kinyumenyume. Na mwanga ulikuwa mmoja tu: jua la saa kumi na moja jioni, linapopita dirisha la ukumbi na kulala sakafuni kwa nusu saa.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kukabidhi. Na Alhamisi hiyo mwigizaji wetu akaamka hana sauti kabisa, mafua yamemkaba koo, anaongea kwa mikono.

Mwalimu wetu, mama mmoja mnene asiye na subira, alizungusha macho darasani. "Nani anayajua maneno yake?"

Wote wakamtazama Breki, aliyekuwa amejikunja pembeni. Nani angeyajua zaidi yake? Wiki sita alikuwa nyuma yangu, akiyasikia kila siku kupitia kisogo changu.

"Utapita mbele," mwalimu akamwambia. "Na nyuma atashika nani?"

Yule binti mwenye mikono ya woga akaangalia viatu vyake.

"Nitamshika mimi," ikasema sauti mlangoni.

Baba. Amevaa shati lake la kutokea, penseli sikioni, futi ya kupimia imening'inia mfukoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mzee, ni kazi ya kujifunza," mwalimu akasema.

"Nimefika tangu saa nne. Nimekaa pale nje nikiwatazama. Nimeipima korido." Akamwonyesha sakafuni alama ndogo za penseli, moja kila baada ya mita. "Ngazi ya kwanza iko mita kumi na nane na sentimita ishirini. Ya tatu ina ufa, asikanyage kulia."

Mwalimu alizitazama alama, akanigeukia. "Mbona baba yako hasomi hapa?"

Breki alisogea na kuinamisha kichwa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," baba akajibu, akiangalia ukutani.

Nikafikiri ni chuki. Wakati ule sikujua kwamba watu wale wawili walikuwa wameshakutana.

Tulifanya majaribio mawili. Baba alinishika mkanda kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama aliyeshika ubao usianguke.

"Sentimita tano kulia," akaninong'oneza.

"Baba, usiseme sentimita. Sema 'kidogo'."

"Kidogo ni kiasi gani?"

Darasa likacheka. Hata mimi nilicheka, halafu nikaona aibu ya kucheka. Lakini baba akajifunza. Mara ya pili alisema "kidogo", "ngazi", "nyingine", "ya ufa", na hakukosea. Mwalimu akatazama dirisha. Jua lilikuwa limeshalala sakafuni, limebakiza dakika kumi.

"Hili ndilo," akasema. "Hakuna jingine. Jua likiondoka, tumekwisha."

Nikapandisha kamera begani. Nikaweka jicho. Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo miaka miwili sikuwa nimeligundua: sikuwahi kumwona Breki kazini. Kila siku alikuwa nyuma yangu. Nilijua pumzi yake, joto la mkono wake, harufu ya sabuni yake, lakini uso wake akiwa kazini sikuujua. Sasa alikuwa mbele, mwisho wa korido, amesimama katikati ya kioo cha kamera yangu, na ulikuwa uso wa mtu aliyeshaaga kila kitu.

"Anza!"

Akaanza kunijia. Nami nikaanza kurudi nyuma. Vidole, kisigino. Vidole, kisigino.

"Usinizuie," akasema. Ndivyo mtu wa filamu anavyomwambia mkewe. "Ukinizuia nitabaki, na nikibaki nitakuwa nimevunja neno langu."

Maandishi hayakusema hivyo. Maandishi yalisema: "nikibaki tutachukiana."

"Kidogo kushoto," baba akaninong'oneza.

"Kuna watu wanaoomba kitu kwa kelele," Breki akaendelea, akija, macho yake ndani ya kioo changu. "Hao unaweza kuwakatalia. Kuna wengine wanakuja alfajiri mlangoni kwako, wamevua kofia, wanakuomba taratibu. Hao utawakatalia vipi?"

Hili nalo halikuwemo. Nilisikia mkono wa baba ukikaza mkanda wangu ghafla.

"Baba?" nikasema kwa pumzi tu.

"Ngazi," baba akajibu. Sauti yake haikuwa sawa. "Nyingine. Ya ufa."

Nikashuka. Breki akashuka mbele yangu, na aliposhuka, begi alilokuwa amebeba likaingia vizuri ndani ya picha. Mwigizaji wetu alikuwa akifanya mazoezi na begi jepesi la chuo, lililojazwa magazeti. Hili halikuwa hilo. Hili lilikuwa begi la Breki mwenyewe, lile kubwa la safari, zipu imekufa na imefungwa kwa kamba ya kiatu, na lilikuwa zito. Bega lake lilikuwa limeinama.

Nikaelewa. Moyo ulinipasuka nikiwa kazini, na mikono yangu miwili imeshika kamera ya chuo.

Wewe unayesoma unaweza kuniuliza kwa nini sikusimama. Nilikuwa na watu ishirini na wawili nyuma ya milango, kila mmoja na kazi yake ya wiki sita, na jua lililobaki la dakika tano. Na yeye alikuwa akinijia. Nikisimama, picha inakufa na yeye anaondoka vilevile. Nikiendelea, nampata kwa hatua ishirini zaidi. Basi niliendelea kurudi nyuma, nikimpiga picha mtu anayeniacha, na nikihakikisha hatoki kwenye fremu.

"Nilikupenda kwa nyuma," Breki akasema. Sauti ilimkatika, akaishika tena. "Ndiyo kazi niliyopewa. Nilikuwa nakuona kisogo, nikaridhika. Leo nimekuona uso. Inatosha."

Chozi likajaa kwenye jicho langu la kamera. Nikamwona amekuwa ukungu. Nikapepesa, akarudi.

"Simama," baba akaninong'oneza. Mlango.

Kamera inakata tamaa, inampisha. Nikasogea kando. Breki akapita karibu yangu kiasi kwamba begi lake liligusa mkono wangu, nami nikageuka naye, polepole, jinsi nilivyofundishwa, bila kutikisika, nikamfuata kwa kamera akishuka kizingiti, akivuka uwanja mdogo, akiingia barabarani kati ya watu waliotoka kazini, mgongo wake ukizidi kuwa mdogo.

"Kata!" mwalimu akapiga kelele. "Kata! Umefanya! Mungu wangu, umefanya!"

Milango ikafunguliwa. Watu wakapiga makofi, wakakumbatiana. Mtu mmoja akaita, "Breki, rudi, tumemaliza!" Hakurudi. Nikampa yule binti kamera, nikamgeukia baba. Bado alikuwa amenishika mkanda.

"Ulimwendea," nikasema.

Baba hakukana. "Jumatatu. Alfajiri, kabla hujatoka chumbani. Nilimwonyesha mlinzi wa chuo ile video, akanielekeza mlangoni kwake."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwomba akae mbali nawe. Akaniambia anakupenda. Nikavua kofia, nikamwomba tena." Akatazama mlangoni. "Akasema amalize picha yako kwanza, asikuharibie. Nikampa mkono."

"Miezi mitatu imebaki amalize chuo, baba!"

"Sikumwambia aache chuo."

"Sasa ulitaka akae mbali nami wapi? Darasa ni moja! Korido ni moja!"

Mwalimu akaanza kuwatoa watu nje mmoja mmoja, kwa ishara ya kidole.

"Mlikaa wanaume wawili mlangoni, mkapeana mikono juu yangu," nikasema, na sasa nilikuwa nalia waziwazi, kamasi na yote. "Hakuna aliyeniuliza. Wewe hukuniuliza. Yeye naye hakuniuliza. Nimewapenda nyote wawili na hakuna hata mmoja aliyenigeukia akaniuliza, wewe unasemaje?"

Baba akauachia mkanda wangu. Akaitazama mikono yake, viganja juu, kana kwamba kuna kitu kimebaki humo.

"Nimekushika dakika nne," akasema. "Miaka mingi sijakushika, tangu ulipojua kutembea. Kwenye korido ulikuwa umetulia kabisa. Aliposhuka na lile begi, mgongo wako wote ulianza kutetemeka. Lakini miguu haikutikisika. Nikajiuliza mtoto huyu anapata wapi nguvu ya kuumia hivi na kutembea." Akaichomoa penseli sikioni, akairudisha. "Sikujua ni hivi. Shangazi yako alinionyesha mikono tu."

"Basi mwite!"

"Wewe mwite. Wewe ndiye..."

Sikungoja amalize. Nilikimbia nje, nikavuka uwanja, nikafika barabarani. Maduka ya uchapishaji yalikuwa yanafungwa, watu wamejaa njia nzima, na yeye alikuwa mbali, nimemjua kwa bega lililoinama.

"Breki!"

Akasimama. Niliona kabisa akisimama. Hakugeuka. Alisimama hivyohivyo kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha akaendelea kutembea. Neno lake hakunipa mimi, kwa hiyo mimi sikuwa na uwezo wa kumrudishia. Nikashika nguzo ya taa.

Baba alinifikia akihema. Ana goti bovu, na hajakimbia tangu nimjue. Alikuwa amemwona Breki akisimama na akiendelea, na nadhani alielewa kabla yangu nani anatakiwa kuita.

"Wewe!" akapaza sauti. "Kijana!"

Vijana wanane wakageuka. Wa tisa akazidi kwenda.

"Kijana wewe! Simama!"

Wakageuka wengine zaidi. Mmoja akajionyesha kifuani, mimi? Baba akamkatalia kwa mkono. Breki alikuwa amekaribia kona. Baba akanigeukia, na usoni mwake nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona kwa mzazi wangu, aibu ya mtu mzima aliyejikuta katikati ya barabara hana kitu mkononi.

"Mwanangu," akasema, "anaitwa nani?"

Alikuwa amemkataa kwenye meza yetu, amemwendea mpaka mlangoni kwake, amepokea ahadi yake na kumpa mkono, na wakati wote ule hakuwa ameuliza.

Nikamtajia, jina lake na la baba yake. Akalirudia kwanza kwa midomo bila sauti, asije akakosea. Kisha akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akaliita. Mara ya kwanza honi ya gari ikalifunika. Akaliita tena, kwa nguvu zote alizobaki nazo, na safari hii, katika umati wote ule, aligeuka mtu mmoja tu.